Nani Analipa Ofisi ya Majirani?

Mazungumzo ya redio katika mfululizo wa kujenga amani. Yamepigwa chapa kwa ajili ya jamaa zilizohama makwao na wakubwa wa vijiji wa Kabimba na kandokando ya Kalemie.

   

Leo tutazungumza habari ya pesa. Si pesa za msaada, wala hesabu ya magunia ya unga. Ni pesa za ofisi. Najua habari hiyo haina utamu. Katika mikutano yetu, hata hapa Kabimba, mara nyingi mzee mmoja husimama na kuuliza: "Hizi jumuiya za mataifa, za Arusha, za Bujumbura, za Libreville, zinatufaa nini? Wakubwa wanapanda ndege, wanalala hotelini, wanatia sahihi, na sisi tunabaki chini ya hema." Swali hilo ni la haki. Sikuja kuzitetea ofisi hizo. Nimekuja na historia yake, kwa sababu ukiisoma utakuta jambo ambalo wengi hatukuambiwa: siku tulipozihitaji ofisi hizo, mara nyingi zilikuwa tupu, na zilikuwa tupu kwa sababu nchi zilizoziunda, na yetu ikiwa miongoni mwao, hazikulipa.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Mataifa yakifanya mapatano, marais hutia sahihi na kurudi nyumbani. Nani atabaki kuyashika yale mapatano? Nani ataandika barua kumwambia waziri kwamba alichoahidi mwezi wa pili hakijafanyika? Hao ndio sekretarieti: katibu mkuu, wanasheria, watu wa hesabu, wakalimani, madereva. Hawana jeshi, hawana ushuru wao. Wanaishi kwa michango ya nchi wanachama, kama vile sanduku la likelemba linavyoishi kwa wanaoleta zamu yao. Mtu mmoja asipoleta, wengine hunung'unika. Wawili wasipoleta, likelemba limekwisha, hata kama daftari bado lipo na majina yote yameandikwa vizuri.

Sasa twende kwa majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, maana kisa chao ndicho kirefu na kilichoandikwa kuliko vyote.

Kenya, Uganda na Tanganyika zilianza kuwa na huduma za pamoja tangu wakati wa Waingereza. Mwaka 1948 iliwekwa halmashauri moja Nairobi ya kusimamia posta, reli, forodha, hata utafiti wa magonjwa. Swali la nani alipe lilisumbua toka mwanzo. Mwaka 1961, baada ya tume iliyoongozwa na Raisman, ulifanyika utaratibu ambao mimi binafsi nauona ulikuwa wa akili. Asilimia 6 ya ushuru wa forodha na wa bidhaa, pamoja na asilimia 40 ya kodi ya mapato ya makampuni ya viwanda na ya fedha, ziliwekwa katika mfuko mmoja. Nusu ya mfuko huo ililipa huduma za pamoja. Nusu nyingine iligawanywa sawa kwa nchi tatu. Angalieni maana yake. Pesa za ofisi zilikatwa palepale zinapokusanywa, kabla waziri yeyote hajazitia mkononi. Hakuna aliyepaswa kuombwa kila mwaka.

Tarehe 6 Juni 1967 marais watatu, Nyerere, Kenyatta na Obote, walitia sahihi mkataba huko Kampala, na tarehe 1 Desemba mwaka ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaanza kazi, makao makuu yakiwa Arusha. Mashirika makubwa yaligawanywa ili kila nchi ione faida: reli na ndege makao yake Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala. Hata meli Liemba, ambayo wazee wa kando ya ziwa hili mnaifahamu, ilikuwa chini ya mashirika hayo. Mzigo uliotoka Dar es Salaam kwa gari moshi hadi Kigoma ulibebwa na mali ya nchi tatu.

Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote. Nyerere alikataa kuketi meza moja na Amin. Basi kile kikao cha marais watatu, ambacho mkataba ulikipa mamlaka ya mwisho, hakikuketi tena hata mara moja. Jumuiya iliendelea miaka sita zaidi bila kikao cha wakubwa wake, na kwa mwendo huo ilikuwa ajabu kwamba iliendelea.

Lakini haikuvunjwa siku ile. Ilivunjika polepole, kwa njia ya pesa. Shirika la reli lilikuwa na mikoa, na kila mkoa ulikusanya nauli, kisha ulipaswa kupeleka fedha makao makuu Nairobi, ambako vipuri vilinunuliwa na madeni ya nje yalilipwa. Kuanzia mwaka 1974 fedha hizo zilianza kukwama. Kila serikali ilikuwa na sababu yake. Fedha za kigeni ni chache, ilisema moja. Wenzetu hawakuleta zao, ilisema nyingine. Kila mmoja alimnyoshea mwenzake kidole, na kila mmoja alikuwa na ukweli kidogo. Shirika la ndege likaingia katika madeni yaleyale. Mwanzoni mwa 1977 ndege za Jumuiya ziliacha kuruka, Kenya ikaanzisha shirika lake, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya.

Kisha ikafika tarehe 30 Juni 1977. Ilikuwa siku ya mwisho ya mwaka wa fedha. Bajeti ya mwaka 1977/1978 ilipaswa kupitishwa na nchi tatu, na haikupitishwa. Hakuna rais aliyetangaza redioni kwamba leo Jumuiya imekufa. Hakuna risasi iliyopigwa. Kulipokucha tarehe 1 Julai hapakuwa na fedha zilizoidhinishwa za kulipa mtu yeyote, na ofisi ikaisha.

Wengine watasema: sababu ni siasa, ni Amin, ni ubepari wa huku na ujamaa wa kule, ni kwamba Kenya ilifaidi zaidi. Ni kweli yote hayo. Mkataba mpya wa 1999, katika utangulizi wake, unataja upungufu wa nia ya kisiasa na faida zisizogawanywa sawa, na unataja pia kwamba wananchi na vyama vyao hawakushirikishwa vya kutosha. Mimi naongeza tu kwamba siasa ilihitaji chombo cha kufanyia kazi yake, na chombo hicho kilikuwa mchango usiolipwa. Kumtukana jirani kunahitaji ujasiri. Kuchelewesha hundi hakuhitaji.

Na gharama? Mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, aliwekwa kuhesabu mali na madeni: mabehewa, majengo, akiba za wafanyakazi. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulibaki umefungwa hadi Novemba 1983. Mapatano ya kugawa mali yalitiwa sahihi Arusha tarehe 14 Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania asilimia 32, Uganda asilimia 26. Miaka 7 ya kugombania kilichobaki. Tena wafanyakazi wa Jumuiya walikuwa makumi ya maelfu, na katika miaka ya 2000 wazee wastaafu walikuwa bado wanaandamana katika barabara za Dar es Salaam kudai haki zao. Mtu aliyekuwa kijana wa reli mwaka 1977 alikuwa tayari mzee mwenye mkongojo.

Hayo ni ya ng'ambo. Sasa turudi upande wetu, na hapa naomba msikilize vizuri, kwa sababu kisa hiki kinagusa hema unaloketi ndani yake.

Tarehe 20 Septemba 1976, mjini Gisenyi, Mobutu wa Zaire, Habyarimana wa Rwanda na Micombero wa Burundi walitia sahihi Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, ile tuliyoizoea kwa jina la CEPGL. (Micombero hakupata hata miezi miwili, tarehe 1 Novemba mwaka uleule alipinduliwa.) Sekretarieti ilikaa Gisenyi, benki ya maendeleo Goma, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo Gitega. Kiwanda cha umeme cha Ruzizi ya pili, kilichofunguliwa 1989, kilitoka katika jumuiya hii, na umeme wake ulifika Bukavu, Bujumbura na Rwanda. Kilikuwa kitu cha kuonekana kwa macho. Hata hapo lakini ugonjwa wa michango ulikuwepo: makampuni ya umeme ya nchi tatu, ambayo ndiyo yaliyonunua umeme ule, yalijilimbikizia madeni kwa shirika lililouzalisha. Nchi ilitumia taa na haikulipa mafuta.

Jumuiya nyingine ni CEEAC, ya nchi za Afrika ya Kati, iliyoundwa Libreville Oktoba 1983. Zaire ilikuwa ndani tangu siku ya kwanza. Na CEEAC, ndugu zangu, ililala usingizi toka 1992 hadi 1998. Sababu zinazotajwa katika historia yake ni mbili: vita vya eneo letu, na nchi wanachama kutolipa michango.

Sasa chukueni miaka hiyo muilinganishe na mnayoyakumbuka wenyewe. Oktoba 1993 Rais Ndadaye wa Burundi aliuawa, na watu wakavuka mpaka kuja kwetu. Mwaka 1994 yalitokea mauaji ya kimbari ya Rwanda, na makambi makubwa yakajaa Kivu. CEPGL nayo ikanyamaza mwaka huo. Oktoba 1996 vita vilianza upande wa Uvira na Bukavu, na mwanzoni mwa 1997 vilifika Kalemie. Agosti 1998 vilirudi tena. Nyumba mbili za majirani zilizojengwa ili nchi hizi zizungumze, moja ilikuwa imefungwa na nyingine imelala.

Sisemi kwamba kama michango ingelipwa vita visingekuwapo. Mtu wa sheria hapaswi kusema asichoweza kukithibitisha. Walioanzisha vita walikuwa na bunduki na walikuwa na nia, na katibu wa Gisenyi asingewazuia kwa barua. Ninachosema ni hiki: wakati ambapo pangehitajika mahali pa kuitana, pa kupeleka malalamiko ya mpaka, pa kuhesabu waliovuka, mahali hapo hapakuwa na mtu. Ikabidi kila kitu kianzishwe upya, katikati ya moto.

Na kuanzisha upya katikati ya moto ni ghali. Nitawapa mfano mmoja tu. Mapatano ya Lusaka ya Julai 1999 yalisema Wakongomani wakutane wenyewe wazungumze. Desemba mwaka ule alichaguliwa msimamizi, mzee Ketumile Masire, aliyekuwa rais wa Botswana. Juni 2000 serikali ya Kinshasa iliifunga ofisi yake. Baadaye kazi ilianza tena, na mkutano mkubwa ukaitishwa Addis Ababa tarehe 15 Oktoba 2001. Walipaswa kuja wajumbe zaidi ya 300. Walikuja karibu 80. Kwa nini? Fedha za kuwasafirisha na kuwalaza wote hazikupatikana. Wajumbe wa serikali wakasema mkutano huo si kamili, wakaondoka, na mambo yakavunjika ndani ya juma moja.

Ndugu msikilizaji, unaweza kusema tena kwamba pesa ilikuwa kisingizio. Pengine kwa wengine ilikuwa. Lakini kisingizio hicho kilipatikana kwa sababu sanduku lilikuwa tupu. Mazungumzo yalifunguliwa tena Sun City, Afrika Kusini, tarehe 25 Februari 2002, na mwenyeji wa safari ile alikuwa na uwezo. Katikati ilipita miezi 4. Wakati huo Kalemie ilikuwa mikononi mwa RCD. Aliyekuwa porini katika miezi ile anajua miezi 4 ni muda gani.

Tuje sasa kwa ofisi mbili zilizo karibu zaidi nasi. Zote mbili ziliwekwa Bujumbura, siku moja tu ya ziwa.

Ya kwanza ni ya Mkutano wa Kimataifa wa Maziwa Makuu, CIRGL. Mkataba wake ulitiwa sahihi Nairobi tarehe 15 Desemba 2006, na sekretarieti ikafunguliwa Bujumbura mwaka uliofuata. Ndani ya mkataba huo kuna protokali mbili ambazo kila mkubwa wa kijiji angepaswa kuzijua. Moja inahusu ulinzi na msaada kwa watu waliohama ndani ya nchi yao. Nyingine inahusu haki za mali za watu wanaorudi. Hebu fikirini shamba lako la mihogo. Ulilikimbia wakati wa machafuko ya Watwa na Waluba yaliyowaka sana katika provensi yetu mwaka 2016 na 2017. Umerudi, umemkuta mtu mwingine amepanda. Protokali hiyo inaidai serikali iweke njia ya kukurudishia mali yako au kukulipa fidia. Imeandikwa. Kongo imeikubali. Lakini nani anaifuata serikali kuuliza imefikia wapi? Kazi hiyo ni ya sekretarieti, na sekretarieti inalipwa kwa michango ya nchi wanachama. Katika matangazo ya vikao vya marais vya CIRGL, mwaka hadi mwaka, utakuta sentensi moja inarudi: nchi zenye deni la michango zinaombwa kulipa. Kuliwekwa pia Mfuko Maalum wa ujenzi mpya na maendeleo katika Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mfuko ni kama kisima; jina lake halitoi maji.

Ofisi ya pili ni Mamlaka ya Ziwa Tanganyika. Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa ziwa huko Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na sekretarieti ikaanza 2008. Wavuvi wa Kabimba hawahitaji kuelezwa kwa nini. Samaki hana pasipoti. Mwaka 2024 upande wa Tanzania ulifunga uvuvi toka 15 Mei hadi 15 Agosti. Kufunga kwa namna hiyo kunafaa tu kama pande zote zinajua tarehe na zinaziheshimu, na anayezipatanisha tarehe hizo ni lazima awe mtu fulani mwenye meza na mshahara. Tena kuna maji yenyewe. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Lukuga hapa Kalemie. Maji yalipopanda miaka ya karibuni na kubomoa nyumba za Kalemie, Uvira na Bujumbura, watu wa kandokando yote waliuliza habari ya Lukuga. Jambo la Kalemie limekuwa jambo la nchi nne.

Sasa sekretarieti kama hii mara nyingi huwa na sura mbili. Miradi yake, yaani mashua za utafiti, miche ya miti, mafunzo, hulipwa na wafadhili wa mbali. Mshahara wa mhasibu na umeme wa ofisi huachiwa nchi wanachama. Mfadhili hapendi kulipa mhasibu. Mhasibu hapigwi picha. Basi mradi ukiisha, wataalamu wanaondoka na gari, na ofisi inabaki na kabati la ripoti.

Hata jumuiya kubwa zimepitia hayo. Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake ulianza kutumika Julai 2000, iliweka kanuni kwamba nchi zote zichange sawa. Kenya kiasi hiki, Burundi kiasi kilekile. Ni heshima kubwa kwa nchi ndogo, na ni mzigo mkubwa kwake pia; ndiyo sababu mabishano ya kuibadilisha kanuni hiyo yamechukua miaka. Katika miaka ya 2010 zilikuwapo bajeti za Arusha ambamo fedha za wafadhili zilizidi michango ya nchi wanachama zote zikijumlishwa. Sioni aibu ya kupokea msaada. Lakini anayelipa safari ndiye huchagua njia, na mfadhili akibadilisha mawazo huko kwao, Arusha hupata baridi.

Umoja wa Afrika ulijaribu kurudi kwenye hekima ileile ya 1961. Kigali, Julai 2016, marais walikubaliana kila nchi ikate asilimia 0.2 ya thamani ya bidhaa fulani zinazoingia kutoka nje ya Afrika, pesa ziende moja kwa moja kwa Umoja. CEEAC nayo ilikuwa imeshaweka yake, asilimia 0.4. Kanuni ni nzuri. Ugumu umekuwa duane, pale ambapo pesa zinakusanywa na mkono wa serikali unakuwa mzito kuziachia.

Na sisi Wakongomani? Nchi yetu ilitia sahihi kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022, na ikawa mwanachama kamili Julai mwaka huo. Wengi tulifurahi. Novemba 2022 askari wa jumuiya hiyo walianza kuingia Kivu ya Kaskazini. Desemba 2023 walikuwa wameondoka. Wakati wa kuja kwao hapakuwa na sanduku moja la Arusha lililojaa la kuwalipa. Kila nchi ilibeba askari wake: Bunge la Kenya peke yake liliidhinisha shilingi za Kenya bilioni 4.4. Askari anayelipwa na nchi yake husikiliza kwanza nchi yake. Hilo halihitaji shule ya sheria. Wakati huohuo, katika hesabu za Arusha za miaka ya 2024 na 2025, Kongo ilitajwa miongoni mwa nchi zenye malimbikizo makubwa ya michango.

Nasikia mtu ananung'unika: "Lakini serikali ikilipa Arusha, itapunguza kwa walimu." Nimelifikiria sana neno hilo. Ni kweli kwamba katika ofisi hizo kuna mishahara minono, na safari nyingi, na si kila hesabu ni safi. Ukaguzi lazima udaiwe kwa nguvu ileile. Lakini kutolipa hakukupunguzii deni. Deni linaandikwa, linakua, na wakati huo sauti yako katika kikao inapungua, kwa sababu mwenye deni huzungumza akiwa ameinamisha kichwa. Tunalipa hata hivyo, ila tunalipa kwa namna isiyoonekana katika bajeti. Nyinyi mlio kambini ndio mnaolipa.

Basi mkubwa wa kijiji afanye nini, yeye ambaye hata karatasi za ofisi yake hazitoshi? Ana njia moja, nayo ni ya sheria. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 214, inasema mikataba inayohusu mashirika ya kimataifa, na ile inayofunga fedha za taifa, haiwezi kuthibitishwa ila kwa sheria. Maana yake wabunge wako walihusika. Hawawezi kusema kwamba mambo hayo ni ya rais peke yake. Kifungu cha 126 kinasema serikali ipeleke bajeti ya mwaka mbele ya Bunge la Taifa si baada ya tarehe 15 Septemba. Kikao cha kwanza cha mwaka huisha 15 Juni. Kati ya 15 Juni na 15 Septemba mbunge yuko likizo ya bunge, na huo ndio wakati wake wa kurudi kwa waliomchagua. Miezi 3. Akija Kalemie, au akipita Kabimba kukagua kiwanda cha saruji na kusalimia watu, msimwulize tu habari ya barabara. Mwulizeni: mwaka huu bajeti imeandika kiasi gani kwa CIRGL, kiasi gani kwa Mamlaka ya Ziwa, kiasi gani kwa Arusha? Kisha mwulizeni swali la pili, ambalo ni gumu zaidi: mwaka jana, katika hizo zilizoandikwa, zilitoka ngapi? Kuandikwa katika bajeti ni jambo moja, kutoka hazina ni lingine, na sheria ya kutoa hesabu ya mwaka uliopita ndiyo inayopaswa kuonyesha tofauti.

Swali hilo liandikeni. Mkubwa wa kijiji aweke sahihi, na wajumbe wa kamati ya kambi waweke sahihi, wanaume na wanawake, Watwa na Waluba katika karatasi moja. Mbakize nakala. Akijibu, leteni jibu lake hapa tulisome hewani na tarakimu zake zote. Asipojibu, leteni nakala yenyewe, nayo tutaisoma.

Juma lijalo, saa hizihizi, tutaifungua ile protokali ya mali za watu wanaorudi, kifungu kwa kifungu. Mwenye daftari aje nalo. Kwaherini.